Mara tatu kuliko nini?

Wandugu, nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Zamu za gazetini zimenibana, lakini si hilo tu. Kuna simu moja nilipigiwa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya kompyuta kama mtu anayetafuta alipoangusha funguo.

Ilikuwa hivi. Nilitumwa kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam kuripoti uzinduzi wa seva mpya. Mnazijua shughuli hizi: sambusa, bahasha ya nauli, kalamu yenye nembo, na bwana mwenye suti anayesema "suluhisho" kila akivuta pumzi. Tukagawiwa karatasi ya sifa za mashine yenye safu mbili, ya zamani kushoto, mpya kulia. Prosesa, kumbukumbu, diski, mtandao. Chini kabisa, kwa herufi nene, iliandikwa kwamba mpya ina kasi mara tatu. Nami nikaandika "kasi mara tatu". Mhariri akaipenda, akaipandisha kwenye kichwa cha habari. Nikalala usingizi mnono.

Miezi michache baadaye mama mmoja, mhasibu wa SACCOS ya wafanyakazi, akanitafuta kwa simu ya chumba cha habari. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika mara tatu?" Nikakubali haraka, nikidhani ninasifiwa. "Basi nieleze. Mara tatu kuliko nini?"

SACCOS yake ilikuwa imenunua mashine ile. Kamati ilipitisha, na katika makabrasha ya kikao kulikuwa na nakala ya habari yangu. Mwisho wa mwezi wanachama wakapanga foleni dirishani kama zamani, na taarifa za akiba zikatoka kwa mwendo uleule wa kobe. Fundi waliyemwita akawaonyesha kisa chake: prosesa ilikuwa mpya na ya haraka kweli, ila muda mwingi ilikuwa imekaa tu ikisubiri diski. Wao walinunua muundo wa bei ya chini, wenye diski za kawaida na kumbukumbu haba. Ile "mara tatu" ilipimwa kwenye muundo mwingine, uliojazwa kila kitu mpaka pomoni. Maelezo hayo yalikuwapo kwenye karatasi niliyopewa, kwa herufi ndogo, upande wa nyuma. Sikuigeuza.

Ile ni pesa ya walimu na manesi, jamani. Sikuwa na jibu la kumpa, nikaahidi nitalitafuta. Nililolikuta linaanzia mbali, jimbo la Massachusetts huko Marekani, enzi ambazo wengi wetu hatujazaliwa.

Mwaka 1957 Ken Olsen na Harlan Anderson walipata mtaji wa dola 70,000 wakaanzisha Digital Equipment, kampuni iliyojulikana zaidi kwa jina la DEC, ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu katika mji wa Maynard. Wakati huo kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba kizima, na ukiwa mtumiaji wa kawaida hukuigusa. Ulipeleka kadi zako dirishani, ukarudi baadaye kufuata majibu, kama mtu aliyepeleka suruali kwa fundi cherehani. Mwaka 1965 DEC ikatoa PDP-8 kwa dola 18,000. Neno lake lilikuwa la biti 12, kumbukumbu yake maneno 4,096. Kwa macho ya leo hiyo ni kama utani, lakini maabara moja au kiwanda kimoja kingeweza kuimiliki chenyewe. Hizo ndizo mashine zilizokuja kuitwa minikompyuta.

Aliyeongoza usanifu wa PDP-8 aliitwa Edson de Castro. Mwaka 1968 yeye na wenzake wachache waliondoka DEC, wakaanzisha Data General katika mji wa Hudson, si mbali na Maynard, kwenye jengo lililokuwa saluni ya urembo. Ndiyo, saluni. Mashine yao ya kwanza, Nova, ilitangazwa kwa bei ya dola 3,995. Bei ya kutupa! Isipokuwa kwa bei hiyo ulipata mashine ambayo haikuwa na manufaa makubwa. Ukiongeza kumbukumbu ya maneno 4,096 ili ifanye kazi ya maana, bei ilifika karibu dola 8,000. Mnaona mambo hayo? Ile karatasi ya hotelini ina babu yake, na babu mwenyewe alikuwa kazini mwaka 1969.

Nova ilikuwa ya biti 16, na PDP-11 ya DEC iliyotoka mwaka 1970 vilevile. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana bila hili mengine hayaeleweki. Kila chumba cha kumbukumbu ndani ya kompyuta kina namba yake, na mashine ikiandika namba hizo kwa biti 16, ya mwisho inayowezekana ni ya chumba cha 65,536. Hata ukiwa na pesa za kununua kumbukumbu zaidi, programu moja haiwezi kuona zaidi ya hapo kwa wakati mmoja. Waandishi wa programu walilazimika kuzikatakata kazi zao vipande vipande na kuviingiza kwa zamu. Ukiongeza biti mpaka 32, namba zinafika 4,294,967,296. Katikati ya miaka ya 1970 kila mtengenezaji wa minikompyuta alijua kwamba atakayekawia kufika kwenye biti 32 atabaki akiuza vipuri.

DEC ikatangulia. Tarehe 25 Oktoba 1977 ikatangaza VAX-11/780. Karatasi yake ya sifa bado inapendeza kuisoma: biti 32, saa ya ndani inayogonga kila nanosekunde 200, sawa na mara milioni tano kwa sekunde, na kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo jirani na prosesa, ya kilobaiti 8. Kulikuwa pia na kompyuta ndogo ya ukoo wa PDP-11 pembeni, yenye diski laini yake, ambayo kazi yake ilikuwa kuiamsha kompyuta kubwa. Kompyuta ya kuwasha kompyuta! Na mteja wa zamani aliahidiwa kwamba programu zake za PDP-11 zitaendelea kufanya kazi.

(Kwetu, tukiwa tunazungumzia mwaka huohuo wa 1977, mjadala huu usingekuwa na maana yoyote. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, baada ya mradi wa kutumia kompyuta kwenye hesabu za serikali kwenda mrama. Huwa tunaicheka marufuku ile. Baada ya simu ya yule mama sicheki sana. Waliichukia mashine wasiyoielewa, nami niliisifu mashine nisiyoielewa.)

Sasa tufike kwa bwana ninayetamani ningekuwa yeye. Tom West alikuwa mhandisi wa Data General, wakati huo kampuni ikiwa imehamia Westborough. Mwaka 1978, siku ya mapumziko, alisafiri hadi mji fulani ambao hakutaka kuutaja, ambako kulikuwa na VAX mpya kabisa, na mtu aliyekuwa tayari kumruhusu aitazame. Hakuuliza kasi. Alifungua mashine, akachomoa vibao vya saketi kimoja baada ya kingine, akahesabu, akaandika, akavirudisha. Vilikuwa 27. Akapiga hesabu ya gharama: kwa makadirio yake, vifaa muhimu vya mashine ile viligharimu kama dola 22,500 kuvitengeneza, na DEC ilikuwa ikiiuza kwa zaidi ya dola 100,000. Akaona pia, au alidhani ameona, namna vibao vile vilivyofanana na ofisi za DEC zenyewe: idara nyingi, barua nyingi kati ya idara. Akarudi nyumbani akiwa ametulia. Hii tunaiweza, alijiambia.

Mashine iliyotokana na ziara hiyo ilitangazwa New York mwezi Aprili 1980 kwa jina la Eclipse MV/8000. Habari zake tunazijua kwa sababu mwandishi Tracy Kidder, ambaye hakuwa mtaalamu wa kompyuta, alikaa na timu ile walipokuwa wakiijenga, kisha mwaka 1981 akatoa kitabu The Soul of a New Machine. Mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Naandika hili kwa wivu wa kitaaluma. Yeye aligeuza karatasi.

Haya, tuziweke mbili hizi bega kwa bega, kama nilivyopaswa kufanya hotelini.

Saa ya VAX iligonga kila nanosekunde 200, ya MV/8000 kila nanosekunde 220. Ukiwa mwandishi mvivu (namfahamu mmoja) utaandika kwamba VAX ina kasi zaidi kwa asilimia kumi. Utakuwa umeandika upuuzi. Mgongo wa saa haukwambii ni kazi kiasi gani inafanyika katika kila mgongo. Ni kama kulinganisha wachukuzi wawili wa bandarini kwa kuhesabu hatua zao bila kuangalia nani amebeba gunia na nani amebeba kikapu.

Vibao sasa. VAX 27, MV/8000 saba. Timu ya West ilifika huko kwa kutumia chipu mpya za wakati huo ziitwazo PAL, ambazo mhandisi huzipangia mwenyewe kazi ya kufanya, hivyo chipu moja ikachukua nafasi ya kadhaa. Vibao vichache ni gharama ndogo kiwandani. Kwa mnunuzi hiyo ni habari kubwa, maana inamwambia muuzaji ana nafasi kiasi gani ya kupunguza bei. Lakini nani ataiandika kwenye kipeperushi? West aliijua kwa sababu alibeba bisibisi.

Halafu kuna neno "inaendana na mashine ya zamani". Zote mbili zilijisifu kwa hilo, na kwenye jedwali zote zingepata alama ya vema. Ndani zilikuwa tofauti kabisa. VAX ilikuwa na hali mbili: ya kwake yenyewe ya biti 32, na nyingine ya kuigiza PDP-11 kwa ajili ya programu za zamani. Biti moja ndani ya mashine ilikuwa swichi kati ya hali hizo. Kule Data General de Castro alikataa swichi hiyo, kwa hiyo wakaongeza amri mpya za biti 32 juu ya zile za zamani, zote zikaishi nyumba moja. Wahandisi wake walilalamika mwanzoni kwamba ni kiraka, lakini mteja mwenye programu za miaka mingi alipata kuhama taratibu, chumba kimoja leo, kingine kesho. Alama ya vema ile ile, maisha mawili tofauti.

Lakini kilichonikalisha chini ni namba ya kasi yenyewe.

VAX-11/780 ilijulikana dunia nzima kama mashine ya mips moja, yaani inayotekeleza amri milioni moja kwa sekunde. Namba nzuri, ya mviringo, inayokaa vyema kwenye kichwa cha habari. Ilitoka wapi? Kulikuwa na mashine ya IBM, 370/158, ambayo ilikuwa ikiuzwa kama mashine ya mips moja. VAX ilipojaribiwa ilimaliza kazi kwa muda unaokaribiana na wa ile IBM. Basi, ikawa nayo ni mips moja. Hakuna aliyekuwa amehesabu amri.

Waliohesabu ni watafiti wawili wa DEC yenyewe, Joel Emer na Douglas Clark. Mwaka 1984 walichapisha vipimo vilivyochukuliwa ndani ya mashine ikiwa kazini, wakaonyesha kwamba amri moja ya VAX, kwa wastani, inachukua migongo 10.6 ya saa. Fanyeni hesabu nami: 10.6 mara nanosekunde 200 ni nanosekunde 2,120 kwa amri. Gawanya sekunde moja kwa hiyo. Unapata amri kama 470,000. Chini ya nusu milioni!

Je, DEC ilidanganya? Nimelifikiria sana swali hili na nadhani hapana, si kwa maana ya kawaida. Amri moja ya VAX ilifanya kazi kubwa kuliko amri moja ya mashine nyingine nyingi, na mteja aliyetaka kazi yake iishe kwa muda sawa na wa ile IBM alipata alichokitaka. Namba ilikuwa ya uongo na kauli iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya kweli. Tatizo lilikuja pale namba ilipoachana na kauli ikaanza kutembea peke yake. Miaka ya 1980 kampuni mpya zilikuwa zikitangaza mips mbili, mips tano, mips kumi, na mara nyingi walichomaanisha ni mara mbili ya VAX-11/780, mara tano, mara kumi. Mwaka 1984 Reinhold Weicker alitoa programu ndogo ya kupimia, Dhrystone. VAX-11/780 ilipata 1,757 kwenye toleo lake moja, basi watu wakachukua matokeo ya mashine yoyote, wakagawanya kwa 1,757, wakaita jibu mips. Hadi leo kuna chipu ndogo zinazouzwa kwa kipimo hicho. Kampuni zilipoungana mwaka 1988 kuunda SPEC ili kuwe na vipimo vya heshima, mashine iliyowekwa kuwa "moja" ilikuwa ileile VAX-11/780, na ikabaki hapo mpaka vipimo vya mwaka 1995.

Kwa hiyo mama, kwa miaka mingi jibu la swali lako lilikuwepo: kuliko kabati la mwaka 1977, ambalo lenyewe lilipimwa kwa kutazama kabati la jirani.

Jibu bora zaidi lilitoka kwa watu waliofikiria dirisha kama lake. Aprili 1985 jarida la Datamation lilichapisha makala ambayo mwandishi wake alitajwa kuwa "Anon" na wenzake. Aliyekuwa nyuma yake ni Jim Gray, bingwa wa hifadhidata, pamoja na watu zaidi ya ishirini kutoka kampuni mbalimbali, na ndiyo maana majina yalifichwa. Walipendekeza mashine ipimwe kwa kazi ya benki: mteja anafika dirishani, anaweka au anatoa pesa, akaunti inabadilika, kumbukumbu inaandikwa diskini. Mashine ya kumudu miamala 100 kwa sekunde ipewe benki ya kubuni yenye matawi 1,000, madirisha 10,000 na akaunti milioni 10. Miamala 95 kati ya kila 100 ijibiwe ndani ya sekunde moja. Na juu ya yote, wataje gharama ya mfumo mzima kwa miaka mitano: mashine, diski, programu, matengenezo.

Wauzaji walifanya nini? Walichukua kipimo, wakang'oa sehemu zinazouma, hasa mtandao wa madirisha na muda wa mteja kujifikiria, wakakiita TP1, wakatangaza namba kubwa. Changa la macho. Ikabidi mchambuzi mmoja, Omri Serlin, azishawishi kampuni nane kuunda baraza la kusimamia vipimo hivyo, TPC, Agosti 1988. Kipimo chake cha kwanza, TPC-A, kilitoka Novemba 1989, na mtandao ukarudi ndani.

Minikompyuta zenyewe hazikufika mbali baada ya hapo. DEC ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998 kwa dola bilioni 9.6, Compaq ikamezwa na HP mwaka 2002. Data General ilichukuliwa na EMC mwaka 1999, na kilichowavutia wanunuzi kilikuwa biashara yake ya diski. Diski, tena! Ningekuwa na akili ya kuzisoma zile safu, neno hilo lingenistua tangu hotelini.

Nilimpigia mama juma lililopita nikamweleza yote haya, pengine kwa urefu kuliko alivyotaka. Nilimwambia pia kwamba niliomba gazeti lichapishe masahihisho, nikajibiwa kuwa habari imeshapoa. Akaguna. Kisha akaniambia kamati imekubali kununua diski mpya na kumbukumbu zaidi kwa mashine ileile, na amepokea ankara tatu za makadirio. Safari hii hakusoma safu. Amewaambia wauzaji wote watatu waje na vifaa vyao tarehe 30, ofisi ikiwa imejaa, wavifunge kwa majaribio, na yeye ataketi dirishani na saa ya mkononi. Wawili wamesema watamrudia. Wa tatu ameuliza foleni huwa na watu wangapi.